Mara Mia kwa Sekunde

Nianze na namba, maana ndiyo iliyoleta balaa lote, na aliyeiandika ni mimi, kwa vidole vyangu hivi hivi. Ilikuwa elfu moja. Nikafuta sifuri moja, ikabaki mia. Nikahifadhi faili, nikaizima mashine na kuiwasha upya, halafu nikasimama pale kibandani Lundo, mikono kiunoni, nikijipongeza.

Wakati huo nilikuwa fundi mitambo wa redio moja ndogo ya Mbinga mjini. Fundi pekee, tena mwanamke, na hayo mawili nilihakikisha kila mgeni anayajua kabla hajapewa kiti. Studio yetu ilikuwa ghorofani, nyuma ya soko. Kule chini ziwani, Lundo, tulikuwa na kibanda: chumba kimoja cha ghala la zamani la ushirika, chenye meza, maikrofoni, sola juu ya bati na kompyuta mbili. Moja ilikuwa ya msomaji. Ya pili, kuukuu, niliyoiokoa kwenye ofisi iliyotaka kuitupa, niliigeuza kuwa lango. Sauti iliingia humo kutoka kwenye maikrofoni, ikapanda kwa antena hadi mlimani, ikafika kwetu Mbinga, na ndipo ikaenda hewani.

Sauti yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, Mnyasa wa palepale Lundo. Kila siku saa saba mchana alisoma matangazo ya vifo. Huku kwetu mtu anaweza kuizima redio taarifa ya habari ikianza, lakini vifo hazimi mtu. Mabinti wa milimani wameolewa ziwani, wa ziwani wameolewa milimani, na simu kwenye mabonde yale zinashika kwa kubahatisha. Mtu akifa Mbaha leo, kaka yake aliye juu huku, ameinama kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, atajua kwa redio. Asipojua kwa redio, ndugu yake atazikwa yeye akiwa analima. Mwalimu alizijua koo za ufukwe mzima, alijua nani kamwoa binti wa nani, na jina la mtu hakulivunja, liwe la Kinyasa, la Kimatengo au la Kingoni. Alisoma kwa sauti ya darasani, kila silabi mahali pake. "Habari ziwafikie..." alikuwa akisema, na zilifika kweli.

Nilimwita babu. Yeye aliniita mke wangu. Msishtuke: babu na mjukuu ni watani, hilo liko kila mahali, na juu ya hilo mimi ni Mmatengo wa mlimani na yeye mtu wa ziwani, na tangu nizaliwe nawasikia watu wa pande hizo mbili wakitupiana maneno sokoni. Sisi tunawaambia wao wavivu, jua likiwaka wanalala, na ugali wao wa muhogo unanata mpaka rohoni. Wao wanatuambia sisi wachoyo, na kwamba kwa baridi ya kwetu tunaoga siku ya Krismasi tu. Mkewe, bibi mwembamba mcheshi aliyeanika usipa mbele ya nyumba yao, nilimwita mke mwenzangu. Kila nikishuka Lundo alinifungia dagaa hao kwenye gazeti, akisema, "Chukua, mke mdogo, ukajifunze kupika." Utani una sheria moja: mtani hanuni. Ukitaniwa unacheka, halafu unarudisha. Ukinuna umeshindwa, na watu wataongeza kucheka.

Sasa hiyo namba. Ndani ya kompyuta kuna kiini cha mfumo endeshi. Huyo tumwite mwenye nyumba. Kadi ya mtandao ndiyo mlango wake, na vipande vya sauti ndiyo wageni. Kwa kawaida kila mgeni anayefika anapiga hodi, na mwenye nyumba anaacha alichoshika na kwenda kufungua. Wageni wakizidi, ni hodi, hodi, hodi, ugali haupikiki. Kwa hiyo mashine ile kuukuu niliipangia utaratibu mwingine: wageni wasipige hodi, wakae kwenye benchi nje, na mwenye nyumba achungulie mwenyewe, mara elfu moja kwa sekunde, awaingize wote waliopo. Ila benchi lina nafasi zake. Likijaa, anayefika hapigi kelele wala hagombani na mtu. Anaondoka tu, na ndani ya nyumba hakuna anayejua kwamba alikuja.

Kuchungulia mara elfu kwa sekunde ni kazi, na kazi inakula umeme. Masika ya mwaka ule mawingu yaliweka kambi juu ya ziwa, betri za sola zikawa zinakata kabla ya saa saba. Mwalimu anakaa mbele ya maikrofoni iliyokufa, na wafiwa wamejipanga mlangoni na karatasi zao. Bosi wetu alikuwa mama wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, mfanyabiashara, mtu asiyependa kabisa neno "nitajitahidi". Akaniambia nishuke nikalimalize. Nikashuka, nikaifanya elfu kuwa mia. Mashine ikapoa, betri zikadumu hadi jioni. Nikajaribu sauti, mwalimu akisoma upande huu na binti wa studio akisikiliza Mbinga: safi kabisa. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Hiyo saa tatu asubuhi ndiyo ujinga wangu. Tulikuwa tumewaachia wanakijiji mtandao wa bure pale ghalani, uliopita kwenye lango lile lile, na walioutumia walikuja mchana, jua likishakuwa kali. Walimu waliotoka madarasani, wachuuzi wa samaki, mama lishe, wote walivua viatu na kukaa kwenye mkeka chini ya kivuli cha ukuta, kila mmoja na simu yake. Benchi la wageni lilijaa saa saba. Saa tatu asubuhi halikuwa na mtu. Fundi mwenye akili timamu angengoja saa saba ifike. Mimi nilikuwa na gari la kuwahi, na sifa za kwenda kupokea.

Na sifa nilizipata. Jumatatu bosi alisimama mbele ya wote akasema huyu binti kazi anaijua, betri zile zimeshinda mafundi wa kiume watatu. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Wiki ya pili simu zikaanza. Mzee wenu anamung'unya. Mzee wenu anameza majina. Mwingine, jitu moja la kucheka ovyo, akauliza: mzee kapiga ngapi leo? Binti wa studio alikuwa anapokea, anaandika, anaguna. Mimi nilikuwa nasikia hewani kwamba sauti inakatika, siwezi kusema sikusikia. "Habari ziw... kie ndugu na jam..." Nikajiambia ni mkao wake, anageuka pembeni na maikrofoni. Nikajiambia ni meno. Mzee wa miaka ile, meno yatabaki? Mashine nilikuwa nimeshaitengeneza, na nilikuwa nimesifiwa kwa ajili yake, basi kosa lilibidi liwe la mwenye mdomo.

Yeye mwenyewe alinipigia mara tatu. Mara ya kwanza: "Mke wangu, njoo unitazamie mashine, watu wanalalamika." Nikasema nakuja, babu. Sikwenda. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alikuwa na maelezo, na aliyatoa kama anavyofundisha somo, polepole, akiniachia nafasi ya kuandika.

"Nimefanya uchunguzi," akasema. "Siku viatu vikiwa vingi pale ukutani, ndiyo siku mnayopigiwa simu. Jana jozi kumi na nne, malalamiko matano, kwa hesabu ya binti wa studio. Juzi mvua, viatu hakuna, malalamiko hakuna. Nimeandika kwenye daftari, siku kwa siku. Njoo uone."

Weee! Nilicheka mpaka nikaiweka simu mezani. "Babu," nikamwambia, "intaneti haili viatu!"

Naye akacheka, maana ni mtani. Nikawasimulia wenzangu, studio nzima ikacheka. Kwa siku nyingi mtu akipoteza kalamu pale ofisini tulimwambia akaangalie kwenye viatu. Naandika hili na masikio yananiwaka. Mzee yule alikuwa amelikamata tatizo langu kwa kuhesabu kandambili, bila cheti cha kompyuta, bila kuijua kadi ya mtandao ina rangi gani. Na mimi mwenye cheti nikageuza kichekesho.

Halafu kikaja kikao cha mwisho wa mwezi. Siku hiyo mwalimu alipanda Mbinga mwenyewe. Alivaa koti lake la kaki, akatuletea usipa mfuko mzima, kila mtu fungu lake, mkewe kaufunga. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mke wangu, umekonda, hawa wa mlimani hawakulishi?" Tukakaa. Bosi akafungua faili la malalamiko, akasoma machache, hakuyasoma yote kwa heshima ya mzee. Kisha akanigeukia mimi.

"Fundi. Mitambo ya Lundo ikoje?"

Swali lilikuwa limenyooka. Ningeweza kujibu sijui, sijaenda kuangalia. Ingekuwa kweli, na ingekuwa maneno matatu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi nikiwa na wasikilizaji nanoga.

"Mitambo mizima kabisa, mama," nikasema. "Labda tumuulize mtani wangu. Si unajua kule ziwani jua likishakuwa kali, wenzetu wanapoza koo mapema?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Bosi naye alitabasamu. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa. Tangu siku aliyofunga ndoa hakuonja hata togwa iliyolala, Lundo nzima inajua. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Sheria ni sheria. Akacheka, mabega yakatikisika, akasema, "Haya, mke wangu amenitangaza." Akatafuta neno la kurudisha, la ugali wetu au la baridi yetu, nikaona analitafuta kweli, halikuja. Akaangalia mfuko wa usipa.

Angekuwa si mtani wangu angesimama akasema, binti, chunga mdomo wako, mimi sinywi. Na bosi angemsikiliza. Nilimfunga mdomo kwa utani, halafu nikamshtaki. Sikupanga, nasema kweli sikupanga. Lakini nilipoona jinsi bosi alivyolifunga lile faili, nilijua kwamba neno langu kalichukua, na sikusema kitu.

Siku kumi hivi baadaye akaja mtu. Mkulima wa kahawa wa vijiji vya juu, mwenye umri wa kati, buti zina udongo mwekundu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na kofia yake mapajani, akakataa chai. Dada yake alikuwa ameolewa ziwani, akafa. Alisikia tangazo akiwa shambani. Alisikia jina la dada, akasikia Ngumbo, akasikia kesho saa nane mchana. Akaenda Ngumbo. Kufika kule, Ngumbo ndiko walikokuwa wakwe waliopewa salamu tu. Mazishi yalikuwa Mbaha. Alipofika Mbaha watu walikuwa wanakung'uta majembe.

"Mimi sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Huyo aliyesoma, alikuwa mzima?"

Bosi alimsindikiza mpaka chini barabarani kwa mguu wake, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wakubwa. Aliporudi alikuwa ameshaamua. Kuanzia Jumatatu wafiwa wa ziwani wataandika matangazo, karani wa kijiji atayatuma, na binti wa studio atayasoma Mbinga. Kibanda kitabaki kwa bei za samaki siku za Jumamosi. Mzee apumzike. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo laja." Hakumtukana, hakutaja pombe. Lakini Lundo wana akili zao. Mzee aliyetolewa kwenye maikrofoni baada ya maneno yale, watu walijijazia wenyewe sababu. Nilikuja kusikia kwamba hata kanisani walimwomba apumzike kusoma masomo ya Jumapili.

Ndipo nikashuka. Nilitumwa kuchukua kinasa sauti kilichokuwa cha mwalimu. Nilifika mchana, karibu saa saba, kwa sababu gari lilipata pancha baada ya lami kuisha pale Mbamba Bay. Kama si pancha ile, labda mpaka leo nisingejua. Ukutani watu walikuwa wamejaa. Viatu vilipangwa mstari mrefu, kandambili, raba, buti za mvua. Nilivipita. Nilipoingia ndani nilikuwa nimeshaanza kuhisi vibaya, na sikutaka kuhisi hivyo.

Nikawasha kioo, nikaita kihesabio cha kadi ya mtandao, kile kinachoonyesha wageni wangapi wamekosa nafasi. Ilipaswa kuwa sifuri, au karibu na sifuri. Namba niliyoiona ilijaa kwenye mstari, na ilikuwa inaongezeka huku naitazama. Nikatoka nje, nikawaomba watu wazime simu kidogo. Nikarudi. Namba imesimama. Nikatoka, nikawaambia washeni. Namba ikaanza kukimbia. Mungu wangu! Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu.

Juu ya meza lilikuwepo daftari lake, la shule, lenye jalada la kijani. Kila ukurasa alichora safu kwa rula: tarehe, viatu, malalamiko, hali ya hewa. Hati ya ubaoni, imenyooka. Ukurasa wa mwisho aliandika chini ya safu: "Fundi ana kazi nyingi. Nisimsumbue tena."

Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha nilikuwa mimi. Nikaifungua mashine, nikairudisha ile sifuri. Elfu moja. Nikapunguza mtandao wa ukutani upate sehemu ndogo, sauti ipite kwanza, na mwangaza wa kioo nikaushusha ili betri zidumu. Dakika ishirini za kazi! Dakika ishirini ambazo ningezifanya mara ya kwanza alipopiga simu. Nikapima na watu wote wakiwa ukutani. Haikupotea hata silabi moja. Kisha nikalichukua lile daftari, nikalitia kwenye begi chini ya koleo na waya, nikafunga zipu. Sikwenda nyumbani kwao kuwaamkia. Nilipita nyuma ya kanisa, mimi, mke mdogo, nikijificha nisionekane na mwenzangu anayeanika usipa.

Mbinga bosi aliniuliza kulikuwa na nini. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, hana haraka, mlango umefungwa, hakuna wa kunichekea. Nikamwambia nimekuta waya umelegea kwa joto, nimebadilisha.

"Kumbe. Kwa hiyo labda mzee alionewa kidogo?"

"Labda kidogo, mama."

"Basi," akasema, "na umri nao umekwenda. Tumwache apumzike."

Nikasema ndiyo. Daftari nikaliweka kwenye droo yangu, chini kabisa. Baridi ya Juni ikaja, tukavaa masweta. Baridi ya Juni ikaja, tukavaa masweta. Kila siku saa saba binti wa studio alisoma vifo, akivunja majina ya watu vipande vipande, na hakuna aliyepiga simu kulalamika, kwa sababu kila mtu alijua kwamba huyo hanywi.

Mwezi wa nane bibi akafa. Mke mwenzangu. Aliugua siku tatu tu. Mwalimu akampigia bosi, akaomba kitu kimoja: amtangaze mkewe mwenyewe, kwa mdomo wake, mara hii tu. Bosi hakusita. Saa saba nilikuwa kwenye meza ya mitambo, kidole kwenye kitufe, na sauti ya mwalimu ikaja kutoka Lundo, safi, karibu, kama amekaa ubavuni kwangu.

Lakini hakusoma kama zamani. Alisoma neno moja, akasimama. Akalirudia. Jina la marehemu mara tatu. Mahali pa mazishi mara tatu, "Lundo, nasema Lundo, Lundo." Saa, mara tatu. Alikuwa anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa fimbo. Tangazo la dakika moja likachukua dakika nne. Mwisho akasema, "Kama kuna mahali sikusikika, naomba mnisamehe. Ni uzee." Kisha akanyamaza, na mimi nilipaswa kuweka wimbo wa kanisa, nikachelewa.

Aliamini! Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilidhani mzee anajua kwamba kaonewa na anatukasirikia kimyakimya, na kukasirikiwa ningekuvumilia. Kumbe kakaa nyumbani miezi yote ile akiamini kwamba mdomo wake umeoza, na anajifundisha upya kusema.

Kesho yake nikapanda gari la asubuhi, unga wa mahindi kilo kumi miguuni na daftari kwenye begi. Nilikuwa nimekata shauri. Njia nzima nilirudia maneno yangu.

Msibani watu walikuwa wengi. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Kabla sijafika hata kwenye ua, mama mmoja akapaza sauti, "Mke mdogo huyo! Kaja kurithi nyumba!" Watu wakacheka huku wamelia, ndiyo kazi ya mtani msibani, na walikuwa wamenisubiri. Nikapita, nikapiga magoti mbele ya mwalimu.

"Shikamoo babu. Pole."

"Nimeshapoa. Marahaba mke wangu. Sufuria za mwenzio ziko jikoni, zihesabu zisipungue." Kicheko kingine.

"Babu," nikasema, "leo sikuja na utani. Sauti yako haikuwa na kosa. Ni mimi. Nilibadilisha namba kwenye mashine, nikaiharibu, nikanyamaza. Hukumung'unya hata siku moja. Mimi ndiye niliyekutoa."

Alinitazama. Kwa nukta moja nilidhani ameelewa. Halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Mnamsikia?" akawaambia wenzake. "Mwili wa mwenzake haujafika kaburini, huyu ameshaanza kunibembeleza!"

Ua mzima ukacheka. Nikasema haki ya Mungu, babu, ni kweli. Wakacheka zaidi, maana mtani gani asiyeapa? Machozi yakanitoka, mama mmoja akanishika bega akasema, "Lia, mwanangu, alikupenda." Nikafungua begi nikatoa daftari. Nikamwonyesha safu zake, viatu, malalamiko. "Uliandika mwenyewe," nikamwambia. "Ulikuwa sahihi toka mwanzo."

Hapo aliacha kucheka. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Kumbe ulinitunzia wewe," akasema. "Nimelitafuta hili daftari nyumba nzima. Nikamwambia marehemu, sasa hata kumbukumbu imekwenda, naweka kitu nasahau nilipokiweka." Akanishika kichwa. "Asante, mke wangu."

Tukazika saa nane. Nikala ugali wa muhogo pamoja na wanawake, nikaumaliza, na hakuna aliyenitania.

Jumatatu nilimwambia bosi kila kitu: elfu, mia, simu tatu, daftari, waya nilioutunga. Yeye hakucheka. Kisha akachukua simu, akampigia mwalimu palepale, mbele yangu. Akampa pole tena, akamwambia fundi amekiri, kosa lilikuwa la mashine, kiti chake kipo, arudi hata kesho. Akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia, "Ndiyo, mwalimu. Naam, mwalimu." Akakata simu, akaiweka mezani.

"Amekataa," akasema. "Anasema sauti imechoka, anatushukuru. Na wewe anasema nisikufukuze, una huruma sana, umejibebesha kosa lisilo lako ili yeye apate faraja." Akanitazama. "Anasema nisikuamini."